Kucha, Kicho na Kutisha: Neno la Kale la Hofu Darasani

Katika muhula mmoja wa mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya Darasa la Tano katika shule isiyo mbali na Katoro, mkoani Geita, tukimsikiliza mwanachuo akifundisha ufahamu. Kifungu alichokichagua kilimhusu bibi mmoja mzee, na sentensi yake ya tatu ilieleza kwamba bibi huyo alikuwa mcha Mungu na kwamba kijiji kizima kilimcha. Mwanachuo alilifuata andalio lake la somo bila kukosea. Aliyaandika maneno magumu ubaoni, akaweka alama ya sawasawa mbele ya kila neno, na mbele ya neno "kucha" akaandika "kuogopa". Halafu akawataka watoto watunge sentensi.

Mvulana wa kwanza alisema, "Mimi namcha mbwa wa jirani." Akapongezwa. Wa pili akasema kwamba kukicha baba yake huenda duarani. Naye akapongezwa, ingawa kucha kwake hakukuwa kucha kwa kifungu. Kisha mwanachuo akauliza ni kwa nini watu wa kijiji walimcha yule bibi. Msichana wa dawati la mbele akasimama na kujibu bila kusita, "Kwa sababu alikuwa mchawi, mwalimu." Hakuna mtoto aliyecheka, wala aliyenyosha mkono kumpinga. Mwanachuo akasema, "Siyo hasa," akaendelea na swali la nne.

Mahali pengine jibu kama hilo lingeweza kupita kama kichekesho. Katika Shinyanga na Geita halipiti. Tangu miaka ya 1970 sehemu hizi zimejulikana kwa mauaji ya wazee, wengi wao wanawake, waliosingiziwa uchawi na watu wa vijiji vyao wenyewe. Macho mekundu ya bibi kizee yalihesabiwa kuwa ushahidi wa kutosha, ingawa kila mtu aliyepika kwa kuni au kwa samadi kavu katika nyumba isiyo na dirisha anajua fika wekundu huo umetoka wapi. Msichana yule aliyazungumza aliyokwisha kuyasikia. Kifungu kilikuwa kimemletea nafasi ya kusikia jambo jingine juu ya bibi kizee, na nafasi hiyo ilipotea kwa sababu ya neno moja lililofafanuliwa nusu.

Baada ya kipindi mwanachuo alitueleza kuwa mtoto hakusikiliza. Sisi tuliona kwamba alisikiliza sana. Aliambiwa kuwa kucha ni kuogopa; akajua kwamba bibi anayeogopwa na kijiji kizima huitwa mchawi; tena akayaona maneno "mcha" na "mchawi" yamefanana kama watoto wa tumbo moja. Hesabu yake ilikuwa sahihi, ila tarakimu alizopewa hazikuwa sahihi. Kwa hiyo yatupasa kulichunguza neno lenyewe, maana hatuwezi kulifundisha vema iwapo sisi wenyewe tunalijua kwa alama ya sawasawa tu.

Tuanze na umbo lake. Kitenzi "-cha" ni cha silabi moja, ndugu wa "-la", "-nywa" na "-fa". Vitenzi hivi huchukua "ku-" pale visipokuwa na kiambishi cha mtendwa, na kuiacha pale kinapokuwapo: twasema "anakula", lakini "anamla". Na kwa kuwa mtu hucha fulani au kitu fulani, kitenzi chetu huonekana karibu kila mara bila "ku-": anamcha, walimcha, wamchao, tumche. Mtoto aliyezoea kuona vitenzi vyenye mwili mkubwa haoni kitenzi hapo. Aona kipande cha neno. Na kipande hicho kimezungukwa na vingine vinavyofanana nacho. Kuna "kucha" ya alfajiri, kama katika "kumekucha" na "usiku kucha". Kuna kucha za vidole, ambazo ni wingi wa ukucha. Tena kuna "wacha", ambalo kila mtoto hulisikia nyumbani akikatazwa jambo. Tumewahi kumsikia mwanafunzi akisoma "wacha Mungu" kwa sauti ya amri, kana kwamba watu wanaambiwa wamwache Mungu na kwenda zao. Mwalimu wake hakushtuka, nasi tukajifunza kwamba kusoma kwa sauti hakutoshi kuonyesha kuwa mtoto ameelewa.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981 inalo neno hili, lakini katika mazungumzo ya kila siku limekwisha kung'atuka. Mtu akimwona nyoka hasemi kwamba amemcha. Limebaki katika tafsiri za vitabu vya dini, Ukristo na Uislamu pia. Limebaki katika majina kama "mcha Mungu", "kicho" na "uchaji". Na limebaki katika methali. Hiyo ndiyo kawaida ya maneno ya kale: hutoka sokoni na jikoni kwanza, na hukawia sana katika sala na katika misemo.

Asili yake ni Kibantu tupu. Tukizilinganisha lugha zetu, kwa njia ile ile waliyoitumia wataalamu kama Malcolm Guthrie, ambaye vitabu vyake vya ulinganisho wa lugha za Kibantu vilitolewa baina ya mwaka 1967 na 1971, twaona kwamba mzizi wa kitenzi hiki hapo kale haukuwa na sauti "ch" hata kidogo. Ulikuwa "-ti-". Ukiongezwa irabu ya mwisho "-a" hupatikana "tia" (isichanganywe na kutia chumvi, ambayo ni habari nyingine). Kwa kusemwa vizazi na vizazi, "tia" hiyo ikafupika kuwa "tya", na katika Kiswahili ikaishia "cha". Mwanachuo asione ajabu, maana kulainika kwa namna hii hukutana nako kila siku katika ngeli ya KI-VI: "ki-angu" imekuwa "changu", na "ki-ote" imekuwa "chote".

Sasa tuuchukue mzizi huo huo wa "-ti-" na kuuongezea kiambishi cha kusababisha. Twapata "tisha". Hapa sauti "t" haikukutana na "a" iliyokuwa ikiigeuza, basi ikabaki kama ilivyokuwa. Kutisha, kwa hiyo, ni kumtia mtu kicho, na maneno haya mawili ambayo kamusi huyaweka mbali kabisa, moja katika herufi C na jingine katika herufi T, ni ya ukoo mmoja. Humo wamo pia tishio, kitisho na kutishika. Jambo hili humfurahisha mtoto sana akionyeshwa, kwa sababu neno "tisha" analijua tangu utotoni. Hulipata neno geni kwa kupitia mlango wa nyumba aliyoizoea.

Mwenye shaka na ayatazame majirani ya ziwa. Waganda wasema "okutya" kwa maana ya kuogopa, na "okutiisa" kwa maana ya kutisha. Yaani wamehifadhi "ty" pale ambapo sisi tumefika kwenye "ch". Wanyankole wasema "okutiina", na Wanyarwanda "gutinya". Katika Geita yenyewe, Wazinza walio kando ya ziwa wana lugha iliyo ndugu ya Kihaya na Kinyankole. Mwalimu mwenye watoto wa Kizinza darasani angefanya vema kuwauliza wao waseme nyumbani kwao husemwaje. Lakini lililo zito kuliko yote tumelipata katika Kiganda. Kutokana na kitenzi hicho hicho cha kuogopa, katika umbo lake la kutendwa, Waganda wamefanya jina "ekitiibwa", na maana yake leo ni heshima, hadhi, utukufu. Kwa asili ni hali ya kuogopwa; kwa matumizi ni hali ya kuheshimiwa. Wanyankole nao, kutoka kwa kitenzi chao, wana "ekitiinisa", ambalo pia ni heshima. Basi neno hili la kale limekuwa na nyuso mbili katika nchi nyingi, si katika Kiswahili peke yake, na mwalimu anayelifundisha kwa uso mmoja amelikata nusu.

Jambo kama hili limetokea hata mbali na Afrika. Waingereza wanalo neno "awe", walilolipata kutoka kwa lugha ya kale ya watu wa Skandinavia. Hapo mwanzo lilikuwa hofu kuu, hofu ya kutetemesha. Baadaye likawa hofu mbele ya kitu kitukufu. Leo ni mshangao wenye heshima. Lakini mtoto wake, "awful", amekwenda njia nyingine, naye siku hizi husemwa hata kwa chakula kibaya. Maneno ya hofu huteleza. Lililosema kutetemeka laweza kuishia kwenye heshima au kwenye dharau, kutegemea wanaolitumia.

Kiswahili hakikuachwa na pengo pale "kucha" ilipojitenga. Kina "kuogopa" pamoja na watoto wake: uoga (wengine huandika woga), mwoga, na kuogofya, ambamo "p" imegeuka "fy" kwa sababu ya kusababisha. Nalo ni la Kibantu, na kwa mwalimu wa Shinyanga ni neno la thamani, kwa maana Kisukuma husema "kogoha". Mahali penye "p" ya Kiswahili, Kisukuma mara nyingi kina "h". Ngeli ya mahali ambayo kwetu ni "pa-" kwao ni "ha-". Kisha kuna "hofu", lililotoka Uarabuni, na ambalo vitabu vya zamani viliandika "khofu" ili kuonyesha sauti ya asili. Hofu haimsifu mtu wala haimtweza. Uoga humtweza: ukisema fulani ana uoga umemshusha. Kicho humpandisha mwenye kuchewa, tena hakimshushi anayecha.

Hapo ndipo kosa la ubaoni lilipokuwa. Mtoto wa Kisukuma aliyeambiwa kuwa kucha ni kuogopa hurudi moja kwa moja kwenye "kogoha" ya nyumbani, ambayo humpeleka kwa mbwa, kwa nyoka na kwa mchawi. Hakuna aliyemwonyesha kwamba katika kicho mna hofu na heshima zilizosukwa pamoja, na kwamba upande wa pili wa kamba hiyo Kisukuma chake kina neno lake, "ikujo". Angepewa maneno yote mawili angelijua neno kwa dakika moja. Wako walimu wanaochelea kutamka neno la lugha ya nyumbani darasani, wakidhani ni kukivunjia Kiswahili heshima. Sisi hatuoni hivyo. Neno moja la Kisukuma, likitajwa mara moja na kuachwa, huokoa maelezo ya robo saa.

Tumetumia "kuchelea" katika sentensi iliyotangulia kwa makusudi. Ni mtoto mwingine wa "kucha", naye angali mzima: mtu husema "nachelea kuwa mvua itanyesha" bila kujua kwamba anatumia neno la kale. Humo ndimo ilimo methali ya "Mchelea mwana kulia hulia yeye". Tumewauliza wanafunzi wengi wa darasa la sita na la saba maana ya "mchelea" hapo. Baadhi yao husema ni mtu aliyechelewa. Wengine, kwa kuwa tuko katika nchi ya majaruba ya mpunga, husema ni habari ya mchele. Kuchelewa ni kwa ile "kucha" nyingine, ya jua: aliyechelewa ni aliyekuchewa. Kuchelea ni kwa hofu. Mzazi wa methali anaogopa machozi ya mwanawe, hamkanyi, na mwishowe machozi yanakuwa yake.

Limebaki la "mcha" na "mchawi", ambalo mwanachuo hana budi kulishika kwa mikono miwili. Maneno haya hayana udugu. Twalijua hilo kwa kuwatazama jamaa zetu wa pwani ya Kenya. Wagiriama wasema "mutsanga" pale tusemapo "mchanga", na "mutsai" pale tusemapo "mchawi". Maana yake, "ch" ya mchawi ni ya aina moja na "ch" ya mchanga: ni sauti ya kale iliyo na njia yake yenyewe, wala haikutokana na "t" iliyokutana na "i". "Ch" ya kucha imezaliwa kwa njia nyingine, kama tulivyoona. Zimekutana katika Kiswahili kama wageni wawili waliovaa kanzu za kitambaa kimoja. Kisukuma hakina utata huu hata kidogo, kwani huko uchawi ni "bulogi" na wachawi ni "balogi", kwa mzizi ambao sisi tunao katika "kuroga". Mtoto akionyeshwa hilo, neno "mcha" huondokewa na kivuli kilichokuwa juu yake.

Je, somo lenyewe lifundishwe vipi? Yule mwanachuo alilirudia juma lililofuata, na twaona lafaa kuelezwa, si kwa sababu lilikuwa kamilifu, bali kwa sababu alianzia mahali ambapo watoto walikuwa. Wengi wao ni watoto wa wachimbaji wadogo. Geita ilikuwa na mgodi uliofungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Lakini baba za watoto hawa huchimba katika maduara, mashimo membamba yanayoteremka chini ya ardhi, yenye kuta zinazoshikiliwa na magogo wanayoyaita matimba. Akawauliza: ni nani asiyeingia duarani kabisa? Wakajibu, mwoga. Ni nani anayeingia bila kutazama matimba, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha? Wakajibu kwa pamoja, mjinga, na mvulana mmoja akataja kwamba mtu wa namna hiyo alifukiwa jirani na kwao. Na yule anayeingia, lakini kwanza hupiga matimba yake, huyagonga, husikiliza, huondoka udongo ukianza kudondoka? Darasa likanyamaza. Hawakuwa na jina lake.

Hapo mwanachuo akawaambia kwamba mtu huyo ana kicho. Sisi tuliokuwa nyuma tuliona kasoro moja, nayo tulimweleza: Mswahili wa leo hasemi kuwa mchimbaji "analicha duara", na mtoto akiandika hivyo katika mtihani atakosolewa. Mfano wa duara ni wa kuingilia maana, hauonyeshi matumizi. Kwa hiyo alipaswa kuvuka upesi kutoka duarani hadi kwa watu: mtoto anayemcha baba yake, watu wanaowacha wazee wao, waumini wanaomcha Mungu. Alivuka, ingawa alikawia kidogo kwa kuwa watoto walitaka kuendelea na habari za maduara.

Kisha akaandika "tisha" ubaoni, na chini yake "cha", akaunganisha kwa mstari. Hakuwasomea kanuni ya "t" na "i". Kwa Darasa la Tano hiyo ni mizigo, ingawa mwalimu mwenyewe lazima aijue ili asije akabahatisha. Aliwaambia tu kwamba haya ni ndugu, na akawauliza tofauti ya kutishwa na kucha. Mtoto mmoja akasema kuwa unaweza kutishwa na mtu usiyemheshimu. Jibu hilo lilituonea haya baadhi yetu, maana tuliwahi kufundisha kwa fimbo mezani tukidhani tunapata kicho.

Akarudi kwenye kifungu, akauliza tena swali lile lile la kwanza: kwa nini kijiji kilimcha yule bibi? Msichana wa dawati la mbele hakunyosha mkono safari hii. Mwingine akajibu kuwa ni kwa sababu alikuwa mpole na alisali sana. Mwanachuo hakuridhika, na tunamsifu kwa hilo. Akauliza, "Na macho yake je?" Kifungu hakikutaja macho. Watoto wakatazamana. Akawaeleza habari ya moshi wa jikoni, akawauliza ni nani ana bibi apikaye kwa kuni, na mikono karibu yote ikainuka, wa dawati la mbele ukiwa miongoni mwake.

Kipindi kiliisha kabla hajafika kwenye "kuchelea". Tulimshauri asiliharakishe, alitunzie somo la methali, na kwa siku ile awape watoto kazi moja ya nyumbani: wamuulize mtu mzima ni nani aliyechewa kijijini alipokuwa mdogo, na kwa nini, kisha waandike sentensi tatu. Madaftari yaliporudi, wengi walikuwa wameandika juu ya babu na bibi zao. Makosa ya tahajia yalikuwa tele, hasa "anamcha" iliyoandikwa "ana mcha", na hayo tulikubaliana ayasahihishe ubaoni kwa darasa zima, mwanzoni mwa kipindi cha Jumatatu.